Ndani ya Ua wa Miyenzi

Jumatatu moja ya mwaka 2014, Divine alichonga penseli tatu, akafungua dirisha la ofisi iliyo juu ya duka la mbolea mjini Mbarara, akaendelea na mchoro wa kituo cha kivuko cha Ziwa Nakivale. Ulikuwa mchoro wake wa kwanza tangu ahitimu. Paa aliliweka chini kuliko mafunjo. Gati alilipindisha ili viboko wabaki na njia yao ya kwenda malishoni. Hakuna mti hata mmoja uliokatwa.

Katika eneo hilo palikuwa na nyumba moja tu, ya udongo. Ilikuwa ya Mama Mariette, mkulima wa mahindi aliyekimbia vita kutoka Fizi, ng'ambo ya mpaka, mwaka 1998 akiwa amembeba mgongoni mtoto aliyeachwa na jirani aliyeuawa. Mtoto huyo alikuwa Divine.

"Hiyo nyumba toa," alisema Injinia Bob, mkuu wa ofisi. "Nyumba ikiwa kwa ramani, faili inaenda Kampala, inalala huko. Wafadhili wanataka pori."

"Ana shamba pale, ssebo."

"Atapewa ingine, nyabo. Baadaye."

Divine alichukua kifutio. Nyumba ilipofutika, ulibaki ua wake wa miyenzi, ile mimea yenye utomvu mweupe ambayo mkimbizi wa Nakivale huipanda kuzunguka kiwanja siku ya kwanza anapopewa. Hakuna miyenzi inayojipanga yenyewe pande nne. Divine alilijua hilo. Akiwa mdogo ndiye aliyekuwa akimpa Mariette vipande avichomeke. Kando ya ua aliandika: mimea ya asili, ihifadhiwe. Alijiambia kwamba ameokoa kitu.

Mchoro uligongwa muhuri Ijumaa saa nne asubuhi. Saa hiyo hiyo kila kilichokuwa ndani ya ua kikageuka karatasi nyeupe: udongo, mahindi, nyumba, Mariette mwenyewe. Kuku waliendelea kutaga, mayai yakawa bapa kama bahasha. Semahoro, mwenyekiti wa kijiji, alikuja kutazama, akaagiza majirani wasiwashe moto karibu.

Jumatatu Mariette alipanda basi dogo pale Rwekubo. Kondakta alimwomba ajikunje mara moja, naye akajikunja. Ofisini alijikunjua juu ya kiti, akajinyoosha kwa kiganja.

"Divine, mwanangu. Ma-miti yote uliichora. Hata njia ya kiboko uliichora. Mi uliniweka fasi gani?"

"Nilikuacha, mama."

"Ulisahau?"

"Hapana. Sikusahau."

Upepo wa dirishani ulimtingisha Mariette, akatoa mlio wa daftari linalofunguliwa.

"Basi nichore. Anza na mulango. Mutu hawezi kukaa bila mulango."

Injinia Bob alitoka chumbani kwake, akamsalimia mgeni kwa heshima, akamwekea kikombe kwenye ncha ya kanga asipeperuke. Kisha akamgeukia Divine.

"Muhuri imeshagonga. Penseli sawa, chora tu. Wino hapana. Ukiweka wino, faili inafunguka upya, na wewe unatafuta kazi ingine."

Divine alichora kwa penseli. Alichora mlango, sufuria, mistari michache ya mahindi. Mariette alirudi nyumbani akaukuta mlango umesimama mahali pake, wa kijivu, unafunguka. Jumanne mvua ilinyesha, ukafutika.

Kituo kilifunguliwa mwaka 2015. Mgeni rasmi alisema hajaona jengo linaloheshimu ardhi namna hii, akapigwa picha mbele ya ua wa miyenzi, uliokuwa umestawi sana. Divine alipewa cheti chenye fremu. Abiria walipenda ile sehemu nyeupe nyuma ya ua. Walipitia mlemle kufuta tope miguuni kabla ya kupanda kivuko.

"Banapita hapa watu mingi," Mariette alimwambia Divine. "Balokole, bale bameokoka, banaomba ruhusa. Bengine banapita tu."

Shamba jingine halikuwa limepatikana. Injinia Bob alisema suala hilo linafuatiliwa.

Tangu hapo Divine hutoka Mbarara kila Jumamosi. Hupiga magoti juu ya weupe ule, hufuta nyayo za watu kwa kitambaa, kisha huchora upya mlango, sufuria, mahindi, na mikunjo ya uso wa Mariette, ambayo anaikumbuka yote. Mariette hujaribu mlango mara mbili.

"Iko muzuri," husema. "Mvua ikinyesha, utarudia."

"Nitarudia, mama."

Divine hukusanya penseli, huzirudisha kwenye mkoba. Kalamu ya wino imo humo humo, imejaa, na hajawahi kuifungua.