Pumba za Theluji

Msagaji nafaka yule watu walimwita Theluji, na jina lilimkaa kweli. Unga wake mweupe, nyusi nyeupe, hata masikio! Kila unga aliuchekecha mara tatu, na pumba, yale maganda ya nafaka, akamwachia jirani mfuga kuku. Tena alikuwa na sheria moja: maji hayavuki mlango wa mashine. Tone moja likidondokea unga, kazi imeharibika. Basi na yeye alishinda na koo kavu kutwa, na bado akajisifu.

Tumbo ndilo lililomnyima raha. Siku nne, siku tano, haendi chooni. Kaka yake mkubwa alianza hivyo hivyo, kumbe ni uvimbe, na hakuifikisha miaka hamsini. Theluji alikuwa na arobaini na tisa. Aliogopa, jamani, aliogopa mpaka usingizi ukamhama, wala hakumwambia mtu. Mkewe ndiye aliyemshtukia, akamburuta kwa daktari.

Wakampima, wakampiga picha, wakamwambia arudi baada ya wiki mbili. Aliporudi na mkewe, daktari alikuwa anatabasamu.

"Huna uvimbe, mzee. Uko salama. Hebu niambie, unakula nini?"

"Unga wangu mwenyewe, daktari. Mweupe pe!"

"Ndiyo shida yenyewe. Utumboni mna vijidudu wema wanaokusaidia, na chakula chao ni nyuzinyuzi: maganda ya nafaka, maharage, mboga, matunda. Wewe umewashindisha njaa miaka yote. Sasa anza kidogo kidogo, halafu..."

Halafu nini, Theluji hakusikia. Alishafika nje, meno yote thelathini na mawili hadharani, anamshukuru Mungu kwa sauti. Mkewe alibaki kitini.

Kesho yake akamwendea jirani. "Leo nigawie zile pumba."

"Za kuku wangu? Kwani na wewe unafuga nini?"

"Vijidudu," alisema Theluji, bila hata kucheka.

Sasa yule bwana hakujua kufanya jambo nusu. Bakuli zima asubuhi, bakuli zima mchana, kavu kavu, na alizila kule kule kwenye mashine ili mkewe asimcheke. Maji? Si nimeshasema hayavuki mlango! Siku ya tatu tumbo likajaa gesi. Siku ya sita likawa gumu kama gunia lililoshindiliwa, na kilichotoka ni jasho jembamba tu.

Theluji akakata tamaa. Moyoni alisema daktari alimficha, alimpa maneno ya kumliwaza mtu asiyepona. Jioni akamwita binti yake, akamtia funguo za mashine mkononi.

"Chukua, mwanangu. Usiwaangushe wateja."

Binti akaangua kilio. Mkewe hakulia. Alisimama, mikono kiunoni.

"Baba watoto, leo umekula nini?"

"Pumba. Mabakuli mawili."

"Mawili! Na maji?"

"Nilikunywa chai asubuhi."

"Yesu na Maria! Daktari alisema kijiko kimoja, na maji mengi. Wewe si msagaji? Nafaka ukiishindilia yote kwa mkupuo, mashine inafanyaje?"

"Inakwama," alijibu Theluji.

Mkewe akampigia daktari simu. Acha pumba kwanza, daktari alisema, kunywa maji, tembea, na kama kesho bado, mje haraka. Theluji akanywa glasi baada ya glasi, akauzunguka uwanja wa nyumba mpaka miguu ikamuuma.

Asubuhi, mkewe na binti yake wakiwa kwenye chai, chooni kukasikika kelele.

"Mama watoto! Mama watoto wee!"

Wakatimka mbio. Mlango ukafunguka, Theluji akatokea anacheka huku machozi yanamtiririka. "Nimepona," alisema. "Nimepona, jamani. Lete funguo zangu."

Binti akazificha mgongoni. "Na maji je, baba?"

Theluji alimtazama, akashusha pumzi ndefu. "Yaingie."

Miezi miwili baadaye alitimiza miaka hamsini, akiwa kazini kama kawaida. Jagi lenye kifuniko lilikaa kwenye kigoda, ndani ya mlango, na wateja walishalizoea. Alikuwa amekula maharage, na kijiko chake kimoja cha pumba. Akajimiminia glasi, akamkumbuka kaka yake, akainywa yote. Kisha akawasha mashine.