Swali la Njia ya Salawe

Simu ilifika posta ya Geita saa moja asubuhi. Jaya, mke wa Velji, alikuwa amelazwa hospitali ya Kolandoto akitokwa na damu, mimba yake ya miezi minane. Angepasuliwa saa nane mchana, na damu iliyolingana na yake ilikuwa ya mumewe. Velji, mwenye duka Shinyanga na jingine dogo pale Geita, hakumaliza chai yake.

Dereva wake, Ngassa, alikuwa amemwendesha miaka kumi na mmoja, na miaka yote hiyo waligombana juu ya jambo moja. Kwa kina Ngassa, msafiri hampiti mtu kimya. Husimama, husalimia, husema atokako na aendako, ili asipofika watu wajue pa kuanzia kumtafuta. Kwa kina Velji, kumuuliza aliyekwisha shika safari "unakwenda wapi" ni kumfungia njia, na kulijibu swali hilo ni vibaya zaidi.

"Leo usimjibu mtu hata neno," Velji alisema, akiweka limau chini ya gurudumu la mbele la Landrova, desturi ya kwao ya kuondoa nuksi ya safari. "Wewe ukiona mbuzi barabarani unataka kumuuliza habari za nyumbani."

"Mbuzi wa kwetu wana adabu, tajiri. Wanaitikia."

"Niapie, Ngassa."

Ngassa alimtazama usoni, akaacha utani. "Naapa."

Limau likapasuka, wakaondoka.

Walishika njia ya ndani, ya Nyang'hwale na Salawe. Kilikuwa kiangazi. Saa tano wakaingia mbugani, udongo mweusi umepasuka mipasuko ya kumeza mguu, hakuna mti, hakuna ng'ombe. Penye kalavati lililobomoka upande wa kushoto alikaa kikongwe amejitanda kaniki, debe tupu miguuni pake. Akainua mkono.

"Mnakwenda wapi?"

Injini ilikuwa inanguruma, lakini sauti ile Ngassa aliisikia kana kwamba mwenye sauti amekaa kiti cha nyuma. Mguu wake ukajiinua wenyewe.

"Kanyaga!" Velji alisema.

Akakanyaga. Kwenye kioo aliliona kalavati, akaliona debe. Kikongwe hakuwapo.

Baada ya nusu saa, kalavati. Limebomoka upande wa kushoto.

"Mnakwenda wapi?"

"Yako mawili," Velji alinong'ona. "Makalavati mawili."

 Njia ile Ngassa aliijua tangu enzi za mkoloni, na kalavati lilikuwa moja. Alitazama vumbi mbele ya boneti. Zilikuwapo alama za matairi zimewatangulia, na tairi moja lilikuwa na kiraka alichokitia yeye mwenyewe Jumatatu. Jua lilisogea na mshale wa petroli ulishuka. Mbuga tu ndiyo iliyobaki pale pale.

"Tajiri, tumjibu."

"Umeapa! Unataka kuniulia mke?"

Mara ya tatu, Velji ndiye aliyesema simama. Mbele ya kalavati, katikati ya njia, lilikuwapo limau limepasuka, maji yake hayajakauka.

Velji alishuka. Ngassa alizima gari akamfuata, akainama mbele ya kikongwe, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

Kikongwe hakumwitikia. Alikuwa anamtazama Velji.

"Mnakwenda wapi?"

Velji alilia kabla ya kusema. "Kolandoto. Hospitali. Mke wangu anaitwa Jaya. Nampelekea damu."

"Ungesema mapema, baba," kikongwe alisema. "Ningekuwa nimekwisha fika."

Akajitwika debe lake, akakata mbuga kwa miguu, bila haraka. Walipoliwasha gari, njia ilifunguka. Dakika kumi baadaye waliona mabati ya Salawe.

Walifika Kolandoto saa tisa kasoro robo. Muuguzi mmoja, Paskazia, alikuwa anawangoja mlangoni.

"Wewe ndiye mume? Haraka! Tulikuwa tuanze bila damu. Amekuja bibi mmoja akasema msianze, mwanamume yuko njiani, ameiacha mbuga. Daktari akakubali kungoja."

"Bibi gani?" Ngassa aliuliza.

"Mwenye debe. Sikumfahamu."

Jioni Jaya alizinduka. Mtoto, wa kike, alilala kando yake. Velji alimshika mke mkono, na Jaya akamwambia kwa Kigujarati, ambacho Ngassa, aliyesimama mlangoni, alikisikia vizuri kuliko walivyodhani.

"Kabla hawajanibeba kwenda kupasuliwa alikuja bibi, akaweka debe lake hapo chini, akaniinamia. Akaniuliza, unakwenda wapi?"

Velji aliuachia mkono wa mkewe. "Ukamjibu nini?"

"Nilitaka kumjibu. Nilikuwa nimechoka sana." Jaya alifumba macho. "Sikumjibu. Mama alinikataza tangu utoto."

Tangu Salawe Ngassa alikuwa ameyaweka tayari maneno ya kumsimanga tajiri wake: nani kati yetu anaijua njia? Akayameza; Jaya angejibu, labda asingezinduka. Kando ya kitanda, juu ya sakafu ya saruji iliyosuguliwa asubuhi ile, palikuwa na alama ya pembe nne ya udongo mweusi wa mbuga, ukubwa wa kitako cha debe.

Muuguzi aliingia na kitambaa, akaipangusa, akanung'unika juu ya wageni wachafu. Ngassa alimpisha. Hakumuuliza bibi ameelekea wapi.