Grisi, Mizunguko Miwili

Ulipita. Usiniambie hukuona. Ulikuwa na mbwa wako na kikombe chako cha kahawa, ukaona mashua imezama tezi, upande wake wa nyuma, maji yanalamba mlango, ukatoa simu, ukapiga picha, ukaenda zako. Mwaka ule barafu iliposhika mfereji huu wa mashua wiki tano na mzee Purslow akafa kwa baridi ndani ya mashua yake ya chuma, ulipita vivyo hivyo. Wengine husahau. Mimi sisahau.

Mashua ile inaitwa Teasel. Ni ya Nesta Oakey, aliyewapikia watoto wa shule miaka thelathini, kisha akainunua kwa kiinua mgongo chake aishi humo, kwa kuwa nyumba za nchi kavu zilimshinda bei. Na aliyeizamisha ni rafiki yake. Kaa chini usikie.

Januari Nesta aliteleza kwenye ubao wenye barafu, juu ya milango ya maji, ile inayopandisha na kushusha mashua mferejini, akavunja nyonga. Desmond Tranter, jirani yake wa miaka tisa pale mferejini, akamfuata hospitali na mfuko wa nguo.

"Soksi za nani hizi?" Nesta akauliza.

"Zako. Zilikuwa juu ya jiko."

"Hizo za kushikia birika, mjinga wewe." Kisha uso ukambadilika. "Tranter, siku zangu kumi na nne zinaisha Jumapili."

Tusio na gati la kudumu hatukai mahali zaidi ya siku kumi na nne, lazima tusogee. Nesta aliwaandikia wenye mfereji kuomba nafasi hadi mfupa uunge. Wakamjibu kwamba ombi limepokelewa, litajibiwa ndani ya siku ishirini na nane. Soma tena tarakimu hizo. Tayari alikuwa na barua mbili za onyo. Ya tatu ikija, leseni inafutwa, na mashua inaweza kuchukuliwa kitanda chako kikiwa ndani.

"Nitaisogeza mimi," Tranter akasema.

"Ukishafunga kamba, grisi. Mizunguko miwili. Mashua yangu inavuja."

"Nimekaa majini miaka ishirini na miwili, Nesta."

"Na soksi huzijui. Mizunguko mingapi?"

"Miwili, mama mkwe," akamtania.

Pale chuma cha pangaboi, linalosukuma mashua, kinapotokea nje, pana tundu lililozibwa kwa grisi. Ukizima injini, unazungusha kipini kidogo, grisi inasukumwa ndani, maji yanaacha kudondoka. Ni kama kusukutua mdomo, hakuna anayesimuliwa.

Jumapili Tranter aliipitisha Teasel milango mitatu ya maji peke yake, theluji ya majimaji ikimpiga usoni, akisukuma boriti za milango kwa mgongo, akipanda ngazi yenye utelezi na kamba begani. Akafika mbele ya daraja la hamsini na tatu. Mashua yake mwenyewe aliiacha maili mbili nyuma, siku zake zilikuwa bado. Akafunga omo, upande wa mbele. Akafunga tezi. Akainua ubao wa juu ya injini, mkono ukagusa kipini. Ndipo akaja mkaguzi anayeandika namba za mashua.

"Wewe siye mwenye mashua hii."

"Mwenyewe yuko hospitali. Namsogezea."

"Umbali huu hautoshi, mzee wangu. Mfumo unataka kuona safari, si kujisogeza tu."

"Mfumo umewahi kuvunjika nyonga?"

"Mimi naandika tu."

"Na mchimba kaburi anachimba tu."

Walibishana nusu saa. Mkaguzi alipoondoka, Tranter alikuwa bado anafoka. Akaurudisha ubao, akafunga mlango, akashika njia ya ukingoni akijisemea majibu makali ambayo hakuwahi kuyatoa. Maili mbili nzima za majibu makali.

Kila siku alinuia kwenda kuitazama. Lakini kifua kilimbana, na pumzi aliyokuwa nayo aliitumia kupanda mabasi mawili kwenda kumwona Nesta.

"Grisi?" Nesta alimwuliza kila mara.

"Miwili."

Wala hakudanganya kwa kujua. Kiganja chake kilikikumbuka kile kipini.

Betri za Teasel zilikuwa kuukuu na jua la kuzichaji halikuwapo. Pampu ya ngama, ya kutoa maji yanayojikusanya chini ya mashua, ikayatoa siku tatu, ikanyamaza. Haba na haba hujaza kibaba, watu hufundishana wakiwekeza. Maji nayo yalifundishwa na nani?

Siku ya kumi, muuza makaa ya mawe, anayepita na mashua yake kila baada ya wiki tatu, akamwonyesha Tranter picha kwenye simu. Teasel, tezi chini. Chini yake mtu ameandika: "Hata mashua huchoka." Watu mia mbili wameipenda. Picha ilikuwa ya siku nne nyuma, wakati pampu moja ya mkono ingetosha.

Alipofika, madirisha yalikuwa majini. Aliingilia omo, maji kiunoni, katikati ya mito na mikebe ya chai inayoelea. Akatoka, akazunguka hadi tezi, akapiga magoti, akatumbukiza mkono hadi begani, akapapasa. Akakipata kipini. Akazungusha mara moja. Akazungusha mara ya pili.

Jana Nesta alimwambia anaruhusiwa Ijumaa.

"Uniwashie jiko kabla sijafika, nisikute chuma baridi."

"Sawa," Tranter akasema. Habari za mashua hakumpa.

Kwenye paa la Teasel, wenye mfereji wamebandika karatasi: chombo kinaziba njia, kitanyanyuliwa kesho Alhamisi na kukatwakatwa. Tangu asubuhi Tranter amesimama majini na ndoo moja. Anachota, anamwaga, na maji anayomwaga yanarudi kwa mlango uleule. Anajua kuwa yanarudi. Anachota. Watu wanapita ukingoni, mmoja amempiga picha.

Sasa wewe. Mfereji pale haufiki kifuani. Teasel haikutoboka, ikizungushiwa turubai na mbao, maji yakatolewa upesi kuliko yanavyoingia, itaelea. Zinatakiwa pampu tatu na watu kumi. Mpaka saa hii yuko mzee mmoja mwenye kifua kibovu. Karatasi hii unayoisoma iweke chini. Vaa viatu vya mpira, chukua ndoo, mgongee jirani yako naye achukue yake. Daraja la hamsini na tatu. Winchi ya kuinyanyua inafika kesho saa mbili asubuhi. Ondoka sasa hivi.