Mzaha wa Muswada wa Kwanza

Mikate tisini na mitatu. Verna Haugland aliioka mwenyewe kwa siku mbili, kwenye jiko la chumba alichopanga karibu na jengo la Bunge, na tanuri lenyewe lilichukua mikate kumi tu kwa mara moja. Mikate ya kuviringisha, yenye karameli inayonata vidoleni. Mbunge mpya akileta muswada wake wa kwanza analisha Bunge zima, ndiyo desturi yao, na wakishashiba wanamgeukia kumfanyia mzaha mpaka masikio yamuwake. Verna alikuwa na miaka sitini na mmoja, na miaka ishirini na sita kati ya hiyo aliendesha gari la wagonjwa la kaunti ya Brandt kwa kujitolea. Alishatapikiwa. Alishapigwa ngumi na mlevi aliyekuwa akimwokoa. Mzaha wa watu waliovaa tai haukumbabaisha hata kidogo.

Kilichombabaisha ni tarehe. Ukimtoa yeye, Brandt ilibakiwa na wafanyakazi wanne wa kujitolea, mdogo wao ana miaka hamsini na tisa, na wote wanne walishatia sahihi barua kwamba tarehe thelathini Juni wanaegesha gari na kurudisha funguo, wamechoka, na yeye peke yake asingeweza. Kuanzia hapo gari la karibu litatoka maili sabini na mbili. Sheria ya jimbo lile inataka kila kaunti iwe na polisi, iwe na zimamoto, iwe hata na mtu wa kukamata mbwa wanaozurura. Gari la wagonjwa? Ukipenda. Muswada wa Verna ulikuwa ukurasa mmoja: gari la wagonjwa liwe huduma ya lazima kila kaunti, na jimbo lihakikishe lipo. Na Ijumaa hiyo ilikuwa siku ya mwisho kwa miswada kuvuka kwenda Seneti. Usiovuka leo umekufa, na Bunge lao hukutana mwaka mmoja likaruka mwaka mmoja.

"Usihofu, mama," alisema Milton Zastrow, huku akilamba kidole gumba. Zastrow alikaa kiti cha kando yake, alikuwa na miaka kumi na minane humo ndani, na huu ulikuwa mkate wake wa pili. Wa tatu alishauficha chini ya gazeti. "Watakuuliza maswali ya kipumbavu, we jibu tu. Halafu ubao wa kura mzima utakuwa mwekundu, hapana tupu. Usije ukalia! Mimi mwaka wangu nusura nizimie. Spika anakuacha uteseke kidogo, kisha anauliza nani anataka kubadili kura. Wote tunageuza kijani, makofi, basi, tunakwenda kula."

"Na mimi nibonyeze nini?"

"Si muswada wako? Kijani, nini tena!"

Verna alimwamini, na kwa nini asimwamini? Mama mzazi wa Zastrow, Bi Adeline, miaka themanini na minane, aliishi peke yake Brandt, maili mia na arobaini kutoka kwa mwanawe. Mwanzoni mwa Januari, Bunge halijaanza, alipoteleza kwenye barafu na kuvunjika nyonga, ni Verna aliyemwinua, akamfunga, akamwendesha hospitali akimwimbia njia nzima kwa sababu bibi aliomba aimbiwe. Zastrow alimpigia simu siku hiyo akilia kama mtoto. Akasema, nitakulipa nini mimi, Verna?

Mpango mzuri, basi. Tatizo ni kwamba aliyekaa juu pale na nyundo mkononi alikuwa Garth Ostrem.

Spika Ostrem alikuwa na shemeji. Shemeji huyo alikikalia kiti cha Brandt miaka kumi na minne na hakuna mtu anayekumbuka alisema nini, mpaka Verna alipomng'oa kwenye kura za ndani za chama. Tangu Bunge lianze Januari Ostrem hakulitamka jina la Verna hata mara moja. Kwenye korido alikuwa "yule dereva". Muswada wenyewe aliukalia wiki sita, akauachia siku ya mwisho kabisa, na watu wakaona kwamba ameamua kuwa muungwana. Muungwana gani! Mtu wa namna ile akikutabasamia, shika mkoba wako.

Mzaha ukaanza. Mmoja akasimama, akakohoa kwa heshima zote. "Mheshimiwa, hilo gari lako litabeba na ndama?"

"Nilishabeba ndama," Verna akajibu. "Alikuwa na adabu kuliko wewe."

Bunge likapasuka kwa kicheko. Mwingine akauliza kama king'ora kinaweza kupiga wimbo wa dansi ya polka. Wa tatu akataka kujua kama mheshimiwa ana leseni ya kuoka. Verna alijibu yote, akaanza hata kufurahia, na juu kwenye roshani ya wageni wenzake wawili wa Brandt walikuwa wakicheka wakijipiga mapaja. Wote wanne wasingeweza kuja. Wawili ilibidi wabaki na gari.

Hatimaye Ostrem akaita kura. Taa zikawaka ubaoni, moja baada ya nyingine, nyekundu, nyekundu, nyekundu, mpaka ukuta mzima ukawa kama duka la nyama. Tisini na mbili nyekundu. Kijani moja: Haugland. Wabunge wakapiga miguu sakafuni, wakapiga miluzi, Zastrow akamgonga begani, "Unaona? Unaona?" Verna akainua mikono juu kama aliyeshikwa na polisi, na wote wakazidi kucheka, vidole tayari juu ya vitufe vya kijani.

Ostrem akapiga nyundo. "Ubao umefungwa. Muswada umeshindwa. Katibu, ufuatao."

Kicheko hakikukatika mara moja. Kilipungua pungua, kama watu wanaosikia mlango ukifungwa nyumba ya pili na hawajui ni wa nani. Mtu akaita kutoka nyuma, "Spika, tulikuwa tunatania!"

"Bunge halitanii," alisema Ostrem. "Ufuatao."

Verna alikwenda mpaka mbele. Wabunge wapya hawaendi mbele bila ruhusa, lakini alikwenda. "Garth, fungua ubao."

"Mheshimiwa, rudi kwenye kiti chako."

"Unajua walichokuwa wakifanya. Unajua hii desturi, na wewe ulifanyiwa!"

"Ninachojua ni kanuni." Aliinama, akapunguza sauti, na kwa mara ya kwanza tangu Januari alimtazama usoni. "Kuna hoja ya kuirudia kura. Iko wazi mpaka saa kumi. Ila huileta mtu wa upande ulioshinda. Wewe umeshindwa, bibi. Ungebonyeza nyekundu kama wenzako ungeweza kuileta mwenyewe. Mtoto wa shule anajua hilo. Hukufundishwa na huyo rafiki yako?"

Ilikuwa saa tano. Verna alisimama pale. Akageuka kumtazama Zastrow, na Zastrow akaonekana ana jambo la maana sana la kusoma gazetini.

Akaanza kuzunguka meza kwa meza. Alihitaji mtu mmoja. Watu tisini na wawili walibonyeza nyekundu, yeyote kati yao angeweza kusimama na kusema sentensi moja, na wengi wao walikuwa bado wana karameli mdomoni. Huyu akasema pole sana, lakini muswada wake wa shule uko mezani kwa Ostrem. Yule akasema subiri kidogo nione wengine wanasemaje. Yule wa ndama akamshika mkono akasema imemuuma mno, imemuuma kweli, na asingependa jina lake litajwe. Kuna aliyejifanya anaongea na simu wakati simu iko mezani, imezimwa. Laiti wangemkataa kwa ukali! Ule upole wao ulimchefua.

"Milton," akasema aliporudi kitini. "Simama wewe."

"Nitasimama, mama. Nipe muda tu nipime upepo."

"Upime mpaka lini?"

Hapo hapo Ostrem akapita kati ya viti, akasimama nyuma ya Zastrow na kumwekea mkono begani. Hakusema kitu cha siri, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Milton, kamati ya kilimo itahitaji mwenyekiti, unajua. Tutaongea Jumatatu." Akamfinya bega, akaenda zake. Zastrow akanyanyua gazeti, akalirudisha.

Saa tisa na nusu Renata Kolb akaja mwenyewe mpaka kwenye meza ya Verna. Kolb alikuwa mwanasheria, mwembamba, ulimi kama wembe, na kwenye kamati alikuwa ameuchanachana muswada ule mbele ya watu. Mkate wake, ambao hakuugusa, aliurudisha kwenye sinia la Verna.

"Muswada wako ni mbovu," alisema. "Unaziamuru kaunti maskini zifanye jambo ambalo haziliwezi, halafu unakwenda kulala ukijiona mtakatifu. Nilisema hivyo kwenye kamati na sijabadilika."

"Umekuja kunizomea? Jipange kwenye foleni."

"Nimekuja kukwambia kwamba humu ndani mtu aliyekukataa kwa dhati ni mimi. Mimi nilibonyeza nyekundu nikimaanisha. Sasa kura yangu imewekwa kapu moja na ya hawa wapuuzi waliokuwa wanachezea vitufe. Sikubali." Alikuwa ameshaanza kwenda mbele. "Na usinishukuru, nitakupinga tena."

Kolb akaisema ile sentensi moja. Ostrem akakunja uso kama aliyeuma pilipili, lakini kanuni ni kanuni, si ndivyo alivyosema mwenyewe? Bunge likakubali kuirudia kura. Hapo Verna akasimama, akaomba kura ya majina, kila mtu aitwe ajibu kwa mdomo. Kanuni inataka watu kumi na sita wasimame kuunga mkono. Kolb akasimama wa kwanza. Yule wa ndama akasimama, amejaa aibu. Wakafika kumi na sita, wakapita.

Katibu akaanza kusoma majina kwa alfabeti. Mambo yakawa mengine kabisa. Hapakuwa na ukuta wa taa wa kujificha. Ilikuwa sauti ya mtu, na wale wawili wa Brandt juu ya roshani wamesimama, wameshika kofia zao. Ndiyo. Hapana. Hapana. Ndiyo. Yule wa ndama akasema ndiyo kwa nguvu mpaka akapaliwa. Kolb akasema hapana, wazi, akimtazama Verna machoni, na Verna akajikuta anamheshimu kuliko watu wote mle ndani. Lakini hapana zilikuwa nyingi kuliko alivyotegemea, na zilitoka kwa watu waliomshika mkono asubuhi ile ile. Kumbe nyekundu nyingine hazikuwa mzaha. Walichekea humo humo, wakapata na mkate wa bure.

Verna alikuwa akihesabu kwa penseli. Alipofika herufi ya mwisho aliona arobaini na sita upande huu na arobaini na sita upande ule, akadhani amekosea. Akahesabu tena. Hakukosea. Limebaki jina moja.

"Zastrow," akaita katibu.

Zastrow alikuwa ameinama. Aliangalia juu kwa Ostrem, na Ostrem alikuwa akisafisha miwani yake, hana haraka. Aliangalia mikono yake. Kwa Verna hakuangalia kabisa, na Verna alikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake.

"Mheshimiwa Zastrow?"

"Hapana," alisema Zastrow.

Arobaini na sita kwa arobaini na saba. Nyundo ikalia. Kwenye roshani, mmoja wa wale wawili alivaa kofia yake, akamgusa mwenzake, wakaondoka. Barabara ya kurudi Brandt ilikuwa ndefu na zamu yao ilianza saa mbili usiku.

"Verna," Zastrow akanong'ona. "Sikiliza. Nikishaipata ile kamati nitakuwa na sauti. Baada ya miaka miwili mimi mwenyewe nitauleta, nakuapia, neno kwa neno. Huwezi kuelewa sasa, lakini..."

Verna alikuwa akikusanya karatasi zake. Akanyoosha mkono, akainua gazeti la Zastrow, akauchukua ule mkate wa tatu aliokuwa ameuficha, akauweka kwenye sinia lake pamoja na ule wa Kolb.

"Mama yako akianguka kabla ya tarehe thelathini Juni," alisema, "nitakuja mimi. Nitambeba polepole, anaijua mikono yangu. Nitamwimbia akitaka."

"Verna, tafadhali."

"Kuanzia tarehe moja Julai mwambie akupigie wewe. Na umweleze mwenyewe, Milton, kwa mdomo, kama ulivyosema hapa. Usimwachie mtu mwingine amweleze."

Akabeba sinia lake akatoka. Zastrow alibaki amekaa, anajifuta vidole kwenye suruali, na karameli haikutoka.