Mafuta Chini ya Ngozi

Mkono mtupu haulambwi, husema watu. Huko Buterere, kando ya mashamba ya mpunga, mkono mtupu ulilambwa, na kilichoulamba hakikuwa na ulimi.

Fundi Twalibu alikuwa amefunga mpira mpya wa mafuta ya usukani kwenye trekta kuukuu la chama cha wakulima. Mpira huo aliuleta dada yake, Soumaya, kutoka duka lao la vipuri katika mtaa wa Asiatique, mjini. Injini ikawashwa. Dereva, Zénon, akaambiwa akate usukani hadi mwisho, trekta likaguna. Twalibu akapitisha kiganja kwenye mpira kutafuta unyevu, kama wafanyavyo mafundi wote wa mjini. Kitambaa, wao husema, hakina hisia.

Akauvuta mkono ghafla.

"Nini?" Soumaya akauliza.

"Mwiba."

Tangu lini mpira ukaota miiba? Soumaya akakishika kile kiganja. Katikati palikuwa na kitundu kama cha sindano, hata damu hakina. Jirani yao wa duka, Khaled, naye aliwahi kuonyesha kitundu kama hicho huku akicheka. Kumbe pampu ilikuwa imeyasukuma mafuta kwa nguvu hadi ndani ya nyama yake. Alipokuja kusikia maumivu, mkono ulikuwa unaoza. Leo Khaled anafunga vifungo vya shati kwa meno.

"Kaka, twende hospitali. Sasa hivi."

"We mudogo, una homa? Mi sisikii kitu."

"Ndicho ninachoogopa."

Zénon akaangua kicheko juu ya kiti. "Fundi, mbu akikuuma unalazwa? Mvua hiyo inakuja, mi nilime lini?"

"Umesikia?" Twalibu akamwambia dada yake. "Nikaze nati, nitoe hewa, alime. Tutaenda jioni."

Jioni! Soumaya alimjua kaka yake: akishaanza kazi, hata nyumba iungue haondoki. Akazima injini. Akaokota msumeno wa chuma, akainama, akaanza kuukata mpira mpya. Nyuzi za chuma ndani yake zikalia, mafuta yakamchuruzikia viatuni.

"Astaghfirullah! Umerogwa?" Twalibu akafoka. Wakulima wakaacha majembe, wakatazama.

"Kazi imekwisha. Mpira mwingine uko mjini, na hospitali iko njiani. Panda pikipiki ya Zénon."

Zénon akaendesha, Twalibu akapanda nyuma yake, akitukana. Soumaya akakaa nyuma ya kaka yake. Kabla hawajafika Rohero, iliko hospitali, matusi yalikuwa yamekoma, na kidole cha kati cha Twalibu kilikuwa kimepauka kama nta.

Daktari hakucheka. Alikibonyeza kiganja, akapandisha vidole hadi kwenye kifundo cha mkono, akaita wenzake. "Mafuta yamefika mbali. Tunapasua sasa, na siahidi kitu."

Wakamwingiza Twalibu, mlango ukafungwa.

"Dada Soumaya," Zénon akanong'ona, kofia ya pikipiki kifuani, "chama kitanila mzimamzima. Shamba halijalimwa, trekta limelala. Na kaka yako umemwaibisha mbele ya watu. Nipe hata pole moja niwapelekee."

Soumaya hakuuondoa uso mlangoni. Kama mkono ungetoka humo mzima au la, hakujua.

"Mpira nitaleta mwingine. Msamaha siombi."

"Hata kwa kaka yako?"

"Apana. Hata kwake."