Vali ya Tatu

Siku injini ya marehemu mdogo wangu ilipomalizwa kusafishwa, jogoo wa jirani alirukia bampa, akajiona kwenye chujio la hewa, akajipiga ngumi. Najua jogoo hana ngumi. Lakini aliyeng'arisha chujio lile ni shemeji yangu, na kazi yake huwafanya viumbe wafanye wasiyoyaweza.

Shemeji huyu ni mjane wa mdogo wangu, na mtaa mzima unamwita Fundi. Kwa miaka miwili alishinda nyuma ya nyumba na lile gari la milango miwili, kuukuu kiasi kwamba lingekuwa mtu lingeshakuwa na vitukuu. Aliifungua injini hadi nati ya mwisho, akaosha, akaifunga, na hakubaki na nati hata moja mkononi. Mimi nikifungua redio kisha nikaifunga, hubaki na vitu vya kutosha kuunda redio nyingine.

Kitu kimoja tu hakukiosha: mfuniko wa vali. Juu ya alumini ile marehemu alikuwa ameandika kwa penseli nafasi ya kila vali, yaani upenyo inaoachiwa, kwa sehemu za mia za milimita, namba nane kwa safu, na chini yake tarehe ya mara ya mwisho alipozirekebisha. Maandishi hayo yalizidi kufifia kila yalipoguswa, na ndiyo tuliyobishania wiki nzima. Mimi nilitaka tupulizie klia, ile vanishi isiyo na rangi, ili yasifutike kamwe. Yeye alisema klia haishiki juu ya mafuta. Ili ishike lazima alumini ioshwe kwa petroli, na ukiosha umekwisha kufuta kile ulichotaka kukihifadhi. Tena alishajaribu kwenye mfuniko chakavu: injini ilipopata moto, klia ikatoa malengelenge.

Nilimwambia niliwahi kupaka klia injini ya treni ikiwa mwendoni. Akaniuliza nilikuwa nimekaa wapi. Nikamwambia hayo ni mambo madogo madogo.

Siku hiyo ya jogoo, alipoingia ndani kutafuta miwani yake, shetani wangu, ambaye hajastaafu, akaniambia nijaribu kona moja tu. Nikachovya kitambaa kwenye petroli, nikapangusa. Namba ya tatu ikaenda na kitambaa.

Nikatafuta penseli. Mwandiko wa mdogo wangu nilimfundisha mimi. Shuleni tuliandikiana kazi za nyumbani na mwalimu hakushtuka. Ila namba yenyewe sikuikumbuka. Nilizoweza kuzisoma bila kukodoa macho zote zilisema thelathini. Nikaandika thelathini, nikaketi nikipiga mluzi.

Fundi akarudi, akavaa miwani, akasoma. Kwenye ya tatu alikawia kidogo, kisha akaendelea. Akavua mfuniko, akapitisha kibati chake cha kupimia kwenye kila vali, akaziweka kama ilivyoandikwa, akafunga, akawasha. Injini ikaitika mara moja. Nikashusha pumzi.

Yeye akaiacha ipate moto. Akaegemeza ncha ya bisibisi juu ya mfuniko, mpini sikioni, macho kafumba, akahama hatua kwa hatua kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa. Akazima.

"Shemeji, ya tatu haigongi."

Nikasema si ndiyo vizuri, imetulia.

"Vali inayogonga ni nzima. Ya kuogopa ni iliyonyamaza. Imebanwa, haifungi sawasawa, inaungua na wewe umekaa unaisifia." Akavua miwani, akanitazama. "Nilisoma thelathini, nikadhani kichwa changu ndicho kimechakaa."

Nilikuwa na visingizio vitatu tayari, kimoja kina tumbili ndani yake. Hakikutoka hata kimoja. Nikamwambia ukweli, nikitazama viatu vyangu.

Hakunigombeza. Aligusa pale mahali kwa kidole, akasubiri mpaka injini ilipopoa. Kisha akaanza upya: akavua mfuniko, akailegeza ya tatu kidogo, akafunga, akawasha, akasikiliza, akazima. Kitabu cha maelekezo ya gari hakukifungua. Mara ya tatu vali zote nane ziligonga kama cherehani mpya, na mimi nisiye na sikio nikazisikia.

"Thelathini na tano," akasema. "Nilimshikia mume wangu tochi mara ngapi akizirekebisha, nikaja kuamini penseli."

Akaifuta namba yangu kwa kidole gumba, akaandika yake, kwa mwandiko wake mkubwa uliopinda. Chini ya tarehe ya marehemu akaandika ya leo.

"Na klia?" nikauliza polepole.

"Nikipaka, mwakani nitaandika wapi?"

Akanikabidhi mkebe wa klia, akaniambia nikapake mali yangu. Nimepaka kigoda, nami nimekikalia kabla hakijakauka, kwa hiyo ninaandika haya nikiwa nimenasa. Si neno. Gari lile linarudi barabarani, naomba tu lipite karibu nihesabu vali zinavyogonga: moja, mbili, tatu.