Mapazia Yakishasimamishwa

Mume wangu Alimohamed alifia kwenye kiti cha watu, Richmond Hill, huku Kanada, akitazama farasi. Nalisema wazi kwa sababu watu wanaonipa pole hupenda kuzungukazunguka, na mimi sijawahi kuwa na subira ya mizunguko. Sisi tunakaa Unionville. Kila Jumamosi yenye mbio kubwa kule Uingereza, zile za farasi kuruka viunzi, Alimohamed alikuwa akienda kwa Leslie na mkewe Marina, Wagoa wa Nairobi, kuzitazama kwenye televisheni ya besmenti, chumba cha chini ya nyumba. Farasi wako Uingereza, watazamaji wako Kanada, na mazungumzo yote ni ya uwanja wa Ngong Road enzi wao walipokuwa vijana wenye nywele. Ndivyo walivyo wazee wetu.

Mimi sikuwahi kwenda. Nilimwambia mara nyingi kwamba mnyama mwenye akili zake haruki ukuta bila kufukuzwa. Yeye alicheka tu, akavaa koti, akaondoka.

Alipofariki, mwaka jana, walinieleza wote watatu: Leslie, Marina na Rafiq. Huyu Rafiq ni wa jamaati yetu, mzaliwa wa Kampala, mstaafu wa benki, na asiyekosa neno. Waliniambia Alimohamed alikuwa katikati yao, anacheka, mara akaegemea kiti, basi, papo hapo, hakuumia. Rafiq akaongeza kwamba alimshika mkono na kumsomea shahada sikioni. Maneno hayo ya Rafiq ndiyo yaliyonisimamisha. Upweke wangu mwenyewe ninauweza, nimeuzoea kama goti bovu. Upweke wake yeye, saa ile, nisingeuweza. Nilikuwa nikilala na kuamka na jambo moja: hakufa peke yake.

Binti yetu Fareen alikuwa Vancouver kikazi siku ile, na hajajisamehe. Mwaka mzima amekuwa akitaka nimsimulie, tena na tena, anayajua yote na bado anauliza. Nami kila mara nilimwambia Uncle Rafiq alimshika baba yako mkono. Akilisikia hilo hutulia.

Kwa hiyo Marina aliponipigia simu mwezi uliopita, akasema, “Zohrabai, njoo utazame nasi mwaka huu, kile kiti hatujamkalisha mtu,” nilikubali. Nilitaka kupaona mahali penyewe. Nilitaka Rafiq anieleze akiwa pale pale alipokuwa: ni mkono upi, ni sikio lipi, na Alimohamed alimtazama au hakumtazama.

Fareen alinishusha asubuhi mlangoni kwao. Theluji ilikuwa imebaki vichuguu vyeusi kando ya njia, na Marina alinifungulia akiwa na aproni, akanikumbatia muda mrefu kuliko nilivyotaka. Kikonkani chao sikijui, Kikutchi chetu hawakijui, na Kiingereza ni cha benki na cha daktari. Kwa hiyo tunapokuwa pamoja ni Kiswahili, kila mtu na cha kwao.

“Karibu mama, karibu. Ngazi ina baridi, shika hapa.”

Besmenti yao ni chumba kirefu chenye zulia la rangi ya chai, picha za farasi, na Bikira Maria juu ya friji. Kiti kilikuwa kile kikubwa cha ngozi mbele ya televisheni. Nilikaa. Hakikuwa na kitu chochote cha ajabu, kilikuwa kiti. Nilishangaa kwamba nimeogopa kiti mwaka mzima.

Rafiq alinisalimia “Ya Ali Madad” akiangalia soksi zake. Nikamjibu, nikamwambia baadaye nina neno naye. Akasema bila shaka, bila shaka, akaongeza sauti ya televisheni.

Pale Uingereza walikuwa wakionyesha watu langoni wenye mabango, wanaotaka mbio hizi zipigwe marufuku kwa sababu ya farasi wanaokufa. Leslie akaguna. Leslie ni mtu mpole, fundi umeme wa zamani, anaongea taratibu hata akikasirika.

“Hawa watu hawajawahi kumshika farasi hata kichwa,” alisema. “Wamlete mmoja aniambie farasi anakula nini.”

“Hao farasi wana madaktari kuliko mimi,” Rafiq akasema. “Mimi nikitaka kuona specialist hapa nangoja mpaka ugonjwa unasahau kwa nini ulikuja.”

Wakacheka. Mimi pia nilicheka, sitakataa. Nikagundua lakini kwamba tangu niingie hakuna aliyelitaja jina la mume wangu. Ilikuwa “yeye” na “marehemu” na “rafiki yetu”. Nikalichukulia kuwa ni adabu.

Marina akaniambia nichague farasi. Nikamchagua wa kijivu, kwa kuwa ndiye niliyeweza kumtofautisha na wengine. Jina lake lilikuwa refu, la Kiayalandi, hata Leslie alilitamka mara mbili kwa namna mbili. Tukamwita Kijivu. Mbio zikaanza, na nitasema kweli: nilielewa. Miaka yote ile nilimdharau yule mzee bure. Walipoinuka wote pamoja juu ya kiunzi cha kwanza, wanyama wakubwa vile, moyo wangu uliinuka nao, na nikasikia mkono wangu umekamata kiti. Kijivu alikuwa wa nne, akawa wa tatu. Nikajikuta namwita kwa sauti, mimi, na Marina akanipiga begani kwa furaha.

Viunzi vilikuwa karibu vinakwisha alipokosea. Aliruka mapema, akagonga kwa kifua, akaanguka kichwa chini na joki, mpandaji wake, akarushwa kando. Halafu akainuka. Hilo ndilo baya, aliinuka. Alitaka kuwafuata wenzake, akakimbia hatua kadhaa, na mguu wa mbele ulikuwa unaning’inia kutoka gotini kama soksi yenye jiwe ndani.

Niliacha kumwita. Wao hawakuacha kelele, kwa sababu mbio zilikuwa zinaendelea na farasi wa Rafiq alikuwa anaongoza. Walipiga makofi, walisimama, Leslie mpole alipiga meza kwa kiganja. Farasi wa Rafiq alishindwa kwa tofauti ya kichwa tu. Ndipo kamera ikarudi nyuma, kwa mbali, tukaona watu wanakimbia uwanjani na mapazia ya kijani, wanayasimamisha kumzunguka Kijivu ili watazamaji wasione.

Marina akafanya ishara ya msalaba. Leslie akachukua rimoti akaua sauti.

“Amekufa akifanya anachokipenda,” Rafiq akasema.

“Nani alimwuliza?” nikasema.

Walikuwa tayari wamesimama, wote watatu, wanakusanya vikombe, kama waumini wanaojua sasa ni wakati wa kuinuka. Leslie akasema, “Haya, chai.” Marina akaninyooshea mkono.

“Twende juu, Zohrabai. Mapazia yakishasimamishwa sisi hatukai huku. Ni desturi yetu. Tunakunywa chai mpaka mbio nyingine ianze.”

“Kwa nini?”

“Ni heshima, mama. Kutazama si vizuri.”

Nikamwambia magoti yangu yameshuka ngazi mara moja na hayatapanda na kushuka tena kwa ajili ya chai, aniletee. Alisitasita. Alinitazama, akatazama kiti, nikaona uso wake umebadilika, nikadhani ni huruma. Leslie akamwita. Akapanda, na mlango wa juu ukafungwa, kwa sababu nyumba za huku ukiacha mlango wa besmenti wazi baridi yote inakufuata jikoni.

Nikabaki na televisheni isiyo na sauti. Kamera haikuwa na pa kwenda, ilirudi na kurudi pale pale. Kando ya mapazia alikuwapo msichana wa kumtunza farasi, ameshika hatamu tupu, anatazama upande mwingine kama aliyeambiwa atazame huko. Daktari akaingia nyuma ya pazia na kisanduku. Sikuona kitu zaidi, lakini nilijua, na sikuweza kuondoa macho. Niliona ni aibu kuondoa macho. Nilikuwa nimemshangilia muda mfupi tu uliopita.

Koo likanikauka. Nina dawa ya presha inayonikausha mdomo, nikaona nimwombe Marina maji. Nikamwita. Juu yangu nilisikia viti vinakokotwa, nyayo za Leslie kwenye vigae, birika, na kicheko cha Rafiq. Nikamwita tena, kwa sauti ya kumwita mtu aliye bustanini. Nikamwita Rafiq. Nikamwita Leslie, sasa kwa sauti ambayo sijaitumia tangu Fareen alipokuwa mdogo. Walicheka juu ya jambo fulani. Hakuna aliyekuja.

Walisema mapazia yakishasimamishwa hawakai huku. Ni desturi. Na mwaka jana je? Mwaka jana pia farasi alianguka. Nilikumbuka kwa sababu gazeti liliandika, na nilikuwa nimeliona jikoni kwangu wiki ya msiba na kuwaza, hata farasi amekufa.

Sikuita tena. Nilikaa kwenye kile kiti mikono mapajani.

Waliposhuka, Marina alikuwa mbele na sahani ya bebinka, keki yao ya Kigoa, na kikombe changu.

“Samahani tumechelewa. Unajua Rafiq akianza.” Akanitazama. “Mbona hivyo, mama? Unaumwa?”

“Nilikuita.”

“Lini? Hatukusikia, mlango ulikuwa—”

Nilimwona akiyasikia maneno yake mwenyewe. Akaweka sahani juu ya friji, chini ya Bikira Maria, na kikombe kikamwagika kidogo na hakukipangusa.

Nikamgeukia Rafiq. Nilimwuliza kwa utulivu, nao wanaonijua wanajua kwamba utulivu wangu ni mbaya kuliko kelele zangu. “Ulimshika mkono?”

“Nilimshika, Zohrabai. Wallahi nilimshika.”

“Ulikuwa wa moto?”

“Ulikuwa bado na joto,” akasema, kisha akafumba mdomo, lakini neno likishatoka limetoka. Njia ya mwongo fupi, ingawa hii ilichukua mwaka.

“Na shahada?”

Rafiq aliangalia tena soksi zake. Alikuwa mzee tu aliyesimama kwenye zulia na kikombe cha chai.

Leslie ndiye aliyesema. Alikaa kwanza, taratibu. “Alibhai hakuwa anapanda nasi juu,” alisema, kwa jina walilozoea kumwita Alimohamed. “Miaka yote. Sisi tukienda, yeye anabaki hapo. Alisema mnyama amekimbia kwa ajili yetu, basi mtu mmoja abaki naye mpaka kwisha. Tulimtania. Mwaka jana ilikuwa vile vile, tukaenda, akabaki. Tukakaa juu kuliko siku zote, tulikuwa tunabishana.”

“Mnabishana nini?”

“Joki,” akasema. “Kama alimchapa farasi sana.”

“Na aliita?”

“Sijui, Zohra. Naapa kwa Mungu sijui. Tulishuka tukamkuta. Simu yake ilikuwa chini ya kiti.”

Simu chini ya kiti. Hilo hakuna aliyeniuliza kama nataka kulijua. Nikauona akilini mkono wa Alimohamed unaitafuta.

“Mwaka mzima mmenilisha maneno,” nikasema. “Alicheka. Katikati yenu. Papo hapo.”

Marina alikuwa analia. “Tungekuambia nini, mama? Tungekuja mlangoni kwako tukuambie nini?”

“Kwamba mlikuwa mnakunywa chai.”

Nilichukua koti langu. Leslie alitaka kunishika mkono kwenye ngazi, nikamwambia asiniguse, na nilipanda peke yangu, goti moja baada ya lingine, nikishika ukuta. Nyuma yangu televisheni ilikuwa bado haina sauti, na farasi wengine walikuwa wanapelekwa mstarini. Niliwachukia wote watatu. Nawachukia hata leo, ninapoandika, na najua kesho kutwa Marina atapiga simu na huenda nitaipokea, kwa kuwa katika nchi hii ni wangapi waliobaki wanaomkumbuka mume wangu?

Nilimngoja Fareen nje, penye mabaki ya theluji. Alikuja na gari likiwa na joto, akaninyooshea mkanda kama mimi ndiye mtoto. Uso wake ulikuwa na matumaini. Sikuwa nimeuona hivyo kwa muda mrefu.

“So? Did Uncle Rafiq tell you again?”

Anakielewa Kiswahili chote, lakini hujibu kwa Kiingereza. Nikamwambia ndiyo, Rafiq amenisimulia tena. Akazima injini ili asikie vizuri. Njia nzima ya kupanda ngazi nilikuwa nimejiapia kwamba kweli nitaisema, na kwamba watu wale watajulikana. Akanishika kiganja, akaniuliza kama ni kweli baba yake hakuwa peke yake.

“Hakuwa peke yake,” nikasema. “Rafiq alimshika mkono mpaka mwisho.”

Fareen akalia kidogo, akapangusa macho kwa mkono wa sweta, akawasha gari. Hilo la mpaka mwisho niliongeza mimi. Hata Rafiq hakuwahi kulisema.